Hao kwenye picha ni nyuki wawili tofauti

Asante kwa makala yenu kuhusu nyuki, ila picha mbili mlizoweka chini ya jina moja tu, "nyuki Nomada", ni za spishi mbili. Wa kushoto ni Nomada goodeniana, wa kulia Nomada marshamella. Wote walielezwa na William Kirby wa Uingereza mwaka 1802, na wote ni weusi wenye mistari ya njano kama nyigu, kwa hiyo kuwachanganya ni rahisi sana. Tazameni kigamba kidogo pale bawa linapoanzia: goodeniana kwake ni cha njano, marshamella ni cha rangi ya chungwa. Halafu tazameni mstari wa pili na wa tatu tumboni. Wa goodeniana unapita mzima, wa marshamella umekatika katikati.

Maisha yao ni yaleyale: hawachimbi kiota, hawakusanyi chavua. Jike hunyemelea kiota cha nyuki wachimbaji wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Andrena, hutaga yai humo na kuondoka. Buu wake, mwenye taya kama mundu, humuua mtoto wa mwenye nyumba na kula akiba yote. Marshamella huvizia hasa viota vya Andrena scotica, goodeniana vya Andrena nigroaenea. Neno "waharibifu" mlilotumia kuwaita nyuki hawa limeniuma kwa kweli; wanaishi tu pale wenyeji wao walipo wengi.

Na jioni mkimkuta mmoja amening'inia, ameuma bua kwa taya, msimguse. Hajafa, amelala.