Acheni Aliyeshindwa Abaki Mezani

Kila ninapopiga simu nyumbani, Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, kuna mtu ataniuliza kama bado nacheza biliadi, na kama ya Bulaya ni tamu kuliko ya kwetu. Nacheza, ndugu zangu. Nacheza hapa Liège, Ubelgiji, kila Alhamisi jioni, na mpinzani mmoja yule yule, na jibu langu limekuwa refu mno kwa simu. Meza za huku zinazipita zetu mbali sana. Watu wetu wanawapita wa huku mbali sana. Lakini ile desturi yetu ya aliyeshinda kubaki mezani na aliyeshindwa kuondoka, ambayo tunaiona ndiyo roho ya mchezo, naona inatupotezea wachezaji, na inawanyima marafiki wawili nafasi ya kujua kwa kweli nani ni nani.

Wanaoijua Lubumbashi hawahitaji maelezo marefu. Meza iko chini ya bati au turubai, kando ya barabara, karibu na pale michopo inapochomwa. Ukitaka kucheza unaweka jetoni yako, ile sarafu ya kulipia mchezo mmoja, ukingoni, nyuma ya jetoni za waliotangulia, unasubiri. Zamu yako ikifika unakutana na yule aliyeshinda mchezo uliopita. Ukimfunga unabaki, na anayekuja baada yako ndiye atakayelipa. Ukifungwa unarudi nyuma ya foleni. Sasa piga hesabu. Watu wanane wanasubiri, mchezo mmoja unachukua robo saa. Kijana anayejifunza anasimama saa mbili nzima ili apige mara nne au tano, kisha atoke. Bingwa wa mtaa, ambaye hana shida ya mazoezi, anacheza jioni yote, tena kwa fedha za wengine. Mwezi ukiisha, bingwa amezidi kuwa bingwa na kijana amezidi kuwa mtazamaji. Nimewaona wengi wenye jicho zuri na mkono mtulivu wakiishia hivyo, wamekaa kwenye kasha la bia na kuhesabu mipira ya wenzao. Inaniuma hadi leo.

Kulipa kwa kila mchezo kunabadilisha hata namna ya kupiga. Mwenye meza anataka jetoni ziingie haraka. Wanaosubiri wanataka zamu yao. Wewe mwenyewe unajua kwamba ukikosa huenda hutagusa fimbo tena hadi giza liingie. Basi kila mtu anapiga kwa nguvu, kila mtu anajaribu kutumbukiza hata pale pasipo na njia. Na ole wake anayepiga polepole ili amfichie mwenzake mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, nyuma ya mipira mingine! Atazomewa na mtaa mzima: "Piga basi! Unaogopa nini?" Kwetu, kujikinga ni woga.

Huku nimekuta kinyume. Meza inalipiwa kwa saa, na wawili wanaocheza wanagawana gharama. Wanakubaliana tangu mwanzo: wa kwanza kushinda michezo mitano, au saba. Ukifungwa mchezo wa kwanza hakuna anayekufukuza. Mipira inapangwa upya na mnaendelea, wewe ukiwa na hasira zako zote na nafasi ya kuzitumia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo mmoja hausemi lolote juu ya watu wawili. Mpira unaweza kuingia kwa bahati. Mweupe unaweza kutumbukia kwa bahati mbaya. Lakini mkicheza hadi mmoja afike tano, bahati inapungua na tabia inajitokeza. Unaona nani anavunjika moyo akiwa nyuma kwa mbili, nani anajisahau akiwa mbele, nani anabadilisha mipango katikati ya safari.

Mpinzani wangu ni fundi umeme mstaafu, Mbelgiji wa hapa hapa, mtu mzima kiasi cha kuniita "kijana" bila kunikosea. Si bingwa, wala mimi si bingwa. Tunafungana kwa zamu, na ndiyo sababu tunarudi. Anaweka chaki kwenye ncha ya fimbo kabla ya kila pigo, hata lile jepesi kabisa, na akiona hana njia hajilazimishi. Anagusa mmoja wa mipira yake taratibu, maana kila mchezaji ana fungu lake, unafika ukingoni kama kanuni inavyotaka, na mweupe unajificha nyuma ya mipira yangu mwenyewe. Mimi sioni kitu. Nikishindwa kuugusa mpira wangu kwanza, au nikiugusa lakini pasiwe na mpira wowote ulioingia wala kufika ukingoni, ni faulo, naye anauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote anapotaka juu ya meza. Kwa wachezaji wa kiwango chetu, hilo ni kama kukabidhiwa mchezo. Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza nililiona la hila. Sasa naliona ni nusu ya akili ya biliadi, nusu ambayo sisi tumeizomea mpaka ikakimbia.

Kuhusu vifaa sitasema sana, maana fedha ni fedha. Nitaje tu jambo moja ambalo wachezaji wa nyumbani watalifahamu mara moja. Mipira ya meza nzuri ina upana wa milimita 57 na kidogo, na mweupe una uzito sawa na mingine. Kwenye meza nyingi za jetoni mweupe huwa mzito zaidi au mkubwa zaidi, ili mashine iutambue na kuurudisha, na kwetu mara nyingi umetoka kwenye seti nyingine kabisa. Mweupe mzito unapenda kusonga mbele. Kuurudisha nyuma baada ya kugonga ni kazi kubwa. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayefika huku anajua kusukuma lakini hajui kuvuta. Ni uzito tu, wala si kipaji. Ongeza kitambaa kilicholowa unyevu wa mvua kuanzia Novemba hadi Machi, kisha vumbi jekundu la kiangazi, na meza iliyosawazishwa kwa vipande vya mbao, halafu uniambie kama anayepasua mipira katika hali hiyo hastahili heshima. Anastahili. Mleteni Liège, mpeni mwezi mmoja, mtaona.

Siku moja yule mzee aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama biliadi imefika Kongo. Nilimjibu kwamba Kongo ndiyo iliyofika kwenye biliadi kwanza. Kabla ya plastiki, mipira mizuri ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira michache tu. Mwishoni mwa karne ya 19, pembe zilizotoka katika nchi yetu chini ya utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, zilipitia bandari ya Antwerp, ambayo ikawa miongoni mwa masoko makubwa ya pembe duniani. Walizibeba watu wetu mabegani, na wengi hawakurudi makwao. Baadaye Leo Baekeland, mwanakemia aliyezaliwa Ghent, alitengeneza bakelaiti, aina ya plastiki, mwaka 1907, na kutoka kwenye jamii hiyo ya utomvu wa viwandani ikaja mipira tunayopiga leo, ambayo mingi hutengenezwa katika kijiji cha Callenelle, Ubelgiji. Kitambaa cha meza yetu ya Alhamisi kinatoka Verviers, mwendo mfupi kwa treni kutoka hapa, kwa watu wanaofuma tangu mwaka 1680. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaweka fimbo ukutani, akasema hilo hakufundishwa shuleni. Tangu siku hiyo tunazungumza mambo mengine zaidi ya mipira.

Na hapa ndipo Bulaya inapokosa, ndugu zangu, na inakosa vibaya. Ukumbi wetu ni safi na taa ni nzuri, lakini hakuna anayetazama. Nikimfunga mzee kwa pigo ambalo Kamalondo lingezungumzwa wiki nzima, tunapeana mikono, tunalipa, kila mtu anavaa koti lake. Kesho hakuna anayejua. Nyumbani ukifungwa usiku, asubuhi muuza mkate ameshapata habari, na anakupa pole na mkate. Yule aliyekufunga utakutana naye kwenye matanga, mtabeba viti pamoja, utamkuta kwa shemeji yako anakula bukari. Ndiyo maana tunaweza kupigana mezani kwa ukali ule na bado tukabaki ndugu. Kuna mambo mengi yanayotushika kuliko meza. Mimi na mzee ilibidi tuanze na meza peke yake, na ilichukua muda mrefu kabla hajanifungulia mlango wa nyumba yake. Simlaumu. Huku watu wanaishi hivyo, na upweke wao unaonekana hata katika namna wanavyopiga, kimya, wakikubaliana kwa kichwa.

Nilipokwenda Lubumbashi wakati wa kiangazi, usiku wenye baridi ile ya kuvaa koti, nilimwomba yaya mmoja, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, tuliyekua naye avenyu moja, fundi wa magari, tucheze kwa namna ya Liège. Wa kwanza kufika tano. Tulimlipa mwenye meza jetoni zote mapema ili asiwe na neno. Waliokuwa wanasubiri walilalamika, tena kwa sauti. "Huyu wa Bulaya amenunua meza?" Yaya aliwaambia wanyamaze, leo kuna kazi. Katika mchezo wa pili sikuwa na njia, nikauficha mweupe nyuma ya mipira yake miwili. Kelele zilipanda mpaka ng'ambo ya barabara. Woga! Woga! Yaya hakusema neno. Aliizunguka meza, akainama kuangalia kingo, akaizunguka tena. Kisha akapiga mweupe kwenye ukingo, ukagonga wa pili, ukarudi kugusa mpira wake kwa upole hadi ukalala ukingoni, na mimi ndiye niliyebaki sioni kitu. Hakuwahi kufundishwa pigo lile. Alilitoa kichwani pale pale, juu ya meza iliyoinama na kitambaa kilichoshonwa.

Basi watu wakabadilika. Waliokuwa wanazomea walianza kubishana juu ya njia: apite wapi, afiche au apige, akiacha vile mwenzake atapata nini. Mtoto wa miaka kumi na kitu alimweleza mjomba wake kwa nini pigo la polepole lilikuwa zuri kuliko la nguvu. Yaya alinifunga tano kwa nne. Umati ule wa Lubumbashi, kwenye mchezo wa namna ile, ni kitu ambacho sijakiona Liège na sitakiona. Hatuna haja ya kuchagua kimoja.

Niongeze jambo ambalo halisemwi. Hapa Liège anayenisumbua kuliko wote, ukimwondoa mzee, ni muuguzi mmoja wa kike ambaye huja baada ya zamu yake na kupiga mipira bila haraka. Kwetu wasichana wanapita kando ya meza, hawasimami. Wanajua kwamba foleni ya jetoni ni foleni ya ubavu: anayepaza sauti ndiye anayepata zamu, na msichana akipaza sauti ataitwa majina. Mechi iliyopangwa kwa saa na kwa majina mawili yaliyoandikwa ingempa nafasi bila kupigana na mtu yeyote. Dada zetu wana macho kama sisi.

Kwa hiyo naomba hivi, na ninawaomba hasa wenye meza wa Kamalondo, Kenya na Katuba, mitaa yetu ya Lubumbashi. Jumamosi waachieni mabingwa na desturi yao, siwezi kuiondoa wala sitaki. Lakini chagueni jioni moja ya katikati ya wiki, Jumanne kwa mfano, wakati meza haina watu wengi, muwape wawili wawili wa kiwango kimoja. Wa kwanza kufika tano. Kama mmoja ni hodari zaidi, yeye afike tano na mwenzake afike tatu, wote wawili watoke jasho. Kanuni ziandikwe kwenye kadibodi na kupigiliwa nguzoni kabla ya pigo la kwanza: faulo ni mweupe mkononi, nane nyeusi, mpira wa mwisho, inatajiwa shimo kabla ya kupigwa, na hakuna ubishi kwamba lazima iingie shimo la upande wa pili. Mechi ya kufika tano haiwezi kuzidi michezo tisa, kwa hiyo wachezaji walipe jetoni tisa mapema, na zile ambazo hazikutumika warudishiwe. Mwenye meza hapotezi kitu, na vijana wanaokaa kwenye makasha ya bia wapewe Jumanne ya kwanza.