Cheti cha usajili kiko wapi, bosi?

Jamani watu wa Njiro, Sakina, Moshono hapa Arusha, na nyie wa Pasua kule Moshi, tutavumilia mpaka lini? Kila mwenye pima maji na tepu siku hizi ni mkandarasi! Ukimuuliza usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, anakuonyesha picha za nyumba kwenye simu. Picha ndiyo cheti? Makandarasi wa majengo wana madaraja, la kwanza hadi la saba, kila moja na kikomo chake cha thamani ya kazi, isipokuwa la kwanza lisilo na kikomo. Yeye daraja gani? Kimya. Mkataba? "Tuaminiane, mama." Makadirio? Kayaandika nyuma ya risiti ya sementi, jumla tupu!

Halafu anataka nusu ya hela kabla msingi haujachimbwa. Nusu ya nini? Hela inatoka kwa hatua, msingi, kuta, linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha), paa, na kila hatua inakaguliwa kwanza.

Kinachouma zaidi ni zege. Mmekubaliana 1:2:4, sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Geuka kidogo tu, mchanga umeongezwa na maji yanamiminwa bila kipimo ili lisukumike kirahisi. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, zege linakosa nguvu! Nondo nazo zimelala chini kabisa, hazijainuliwa hata kwa kibao cha zege, zisipate kutu kwa nini? Kumwagilia zege maji angalau siku 7 likomae? Nani amwagilie, wakati kesho yake wako juu wanapanga tofali!

Ukilalamika, eti mwenye nyumba msumbufu. Hela za nani?