Nyumba ya Dodoma, kiti cha Uingereza

Nikiulizwa mtoto mchanga yuko salama zaidi wapi, Leicester au Dodoma, kwanza nauliza: ndani ya nyumba au ndani ya gari?

Ndani ya nyumba, Dodoma inashinda. Huku Uingereza wakunga wanafundisha vizuri: mtoto alale chali, kwenye kitanda chake, chumba kimoja na wewe kwa miezi 6 ya mwanzo, na usije ukasinzia naye kwenye sofa. Sawa kabisa. Ila saa nane za usiku mume yuko zamu, uko peke yako, umechoka, na sofa hiyo hapo. Kule Nkuhungu, mtaa wa Dodoma, mama mkwe anagonga mlango: "Mwanangu, nipe huyo mtoto, ukalale." Hilo dukani halipo.

Sisemi kwetu hakuna hatari. Maji ni ya mgao, kila nyumba ina ndoo na mapipa, na mtoto anayetambaa huzama hata kwenye maji kidogo. Yafunikwe. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, jiko la mkaa linaingizwa chumbani na madirisha yanafungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua watu wamelala. Na uani wakijaa watu, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto. Lakini haya tunaambiana yakaisha, maana wa kuambiwa wapo.

Barabarani watu wa kwetu siwaungi mkono ng'o. Uingereza sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake cha gari hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Mtoto mchanga anageuziwa nyuma, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Tulipokwenda Kondoa kumwonyesha mtoto kwa wazee, nilifunga kiti siti ya nyuma. Shangazi wa mume wangu akacheka: "Unamfunga kama mbuzi wa mnada wa Msalato! Si umpakate tu?" Shikamoo yake naitoa kila siku, ila hapo nilikataa. Gari likigonga likiwa kilomita 50 kwa saa, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia mtoto.

Na msiniambie gari zetu hazifai. IST na Noah nyingi zimetoka Japani na mikanda ya nyuma. Sisi ndio tumeifukia chini ya makava ya siti. Toa kava, kiti kinafungika. Kile cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi.

Bodaboda na mtoto mchanga, hapana. Dar hadi Dodoma, tangu treni ya SGR ianze 2024, mimi na basi basi.

Mnaokuja likizo Desemba na mabegi ya nguo za watoto, nguo soko la Sabasaba, Dodoma, zipo tele. Leteni kiti, kipya, au kile mnachojua hakijawahi kupata ajali.