Robo Saa Iliyopitiliza

Ukianza kujifunza gita ukiwa na miaka 53, majirani huchoka kabla ya vidole. Naishi Umoja, ghorofa ya tano, kwenye ploti ambayo mtu akisonga ugali chini, wewe huku juu unajua umeiva. Kijana wa kwaya anayenifundisha alinipa sharti moja tu: robo saa kila siku. "Mzee, usinipigie masaa matatu Jumamosi halafu upotee wiki nzima. Vidole vinataka kuota sugu polepole, na kichwa nacho hupanga mambo ukiwa umelala."

Basi nikanunua gita kavu River Road, lisilo la umeme, la nyuzi za chuma. Uzi wa chuma ni wembe, usidanganywe. Mwanzoni hata kikombe cha chai nilikuwa nakishika kwa viganja, kama mtoto.

Saa mbili unusu usiku naanza, saa tatu kasorobo namaliza. Ploti nzima ikazoea. Mama Brayo wa ghorofa ya nne akinisikia naanza, anabandika maziwa na kufukuza watoto kitandani, nikinyamaza, anaepua. Mzee wa ghorofa ya tatu ndiye aliyenisumbua. Ni mtu wa Vihiga, amekulia kwenye omutibo, mtindo wa gita wa kina George Mukabi, kidole gumba kikipiga besi huku cha shahada kikiimba, na mwenzake pembeni akikwaruza chupa ya Fanta kwa chuma kushika mdundo. Tukikutana kwenye ngazi ananiuliza, "Jirani, hiyo F yako bado inakohoa?"

Inakohoa, ndiyo. F ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, nayo inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, kijichuma cha kwanza shingoni mwa gita, na vingine vitatu vijipange mbele yake. Uzi mmoja ukilegezwa kidogo tu, badala ya muziki unasikia tup, tup. Kwangu mimi, kupanga hivyo vidole ni shughuli ya dakika nzima, na dakika hiyo yote mimi na gita tunakuwa kimya kabisa.

Kimya hicho ndicho kilichoniponza.

Ilikuwa Jumanne ya Julai, baridi ile ya Nairobi ya kuingia mpaka kwenye meno. Binti yetu alikuwa na mtihani kesho yake. Mama Neema akaniambia, "Baba Neema, leo huyo mgonjwa wako mpeleke juu." Nikaacha simu kwenye chaji, nikapanda paani kwenye kamba za nguo, nikajibanza nyuma ya tangi la maji kukwepa upepo. Nilikuwa ndiyo nalaza kidole kwa ajili ya F, nimeuma ulimi, niliposikia mlango wa chuma ukibamizwa. Kacha! Kufuli. Tangu wezi wa jinzi watutembelee, keateka, msimamizi wa jengo, hufunga paa mapema. Kabla sijainuka na magoti yangu haya, viatu vyake vilishafika ghorofa ya pili.

Nikagonga mlango. Wapi! Nikapiga mayowe. Jengo la pili kulikuwa na kesha, spika mpaka dirishani. Kila nikilia "Nifungulieni!" wao wanaitikia "Amina!"

Baridi ikazidi. Kwenye kamba palikuwa na joho jeupe la kwaya, karibu likauke. Nikalivaa. Nikaona dawa ni kupiga gita kwa nguvu, mtu aje angalau kulalamika. Nikapiga C, nikapiga G, nikapiga F na kikohozi chake. Dirisha likafunguliwa, sauti ikasema, "Asante Baba Neema, tumesikia!" Likafungwa.

Sikuacha. Saa tatu ikapita. Yaliyoendelea chini nilisimuliwa baadaye. Maziwa ya Mama Brayo yalifurika mpaka yakazima jiko, yeye anangoja ninyamaze. Watoto wakatoka kitandani kuuliza kama kumekucha. Hatimaye mzee wa Vihiga akatoka kwenye korido na kutangaza, "Huyu mtu hajawahi kupitisha robo saa. Kuna jambo." Wakaunda ujumbe: keateka na tochi mbele, mzee nyuma yake ameshika chupa ya Fanta kwa shingo, kama rungu, Mama Brayo na mwiko, na kina mama wengine wawili waliokuja kuona tu.

Mlango ukafunguliwa. Tochi ikamulika joho jeupe linapepea kando ya tangi, na ndani yake uso uliopauka kwa baridi. Nami nikataka kusema "Afadhali mmekuja," lakini meno yalikuwa yanagongana, kikatoka kitu kingine kabisa.

"Shindwe!" keateka akapiga kelele, akarudi kinyumenyume, akamkanyaga mzee. Chupa ikaanguka, ikabingirika ngazi kwa ngazi hadi chini bila kuvunjika.

Mama mmoja akasogea, akanitazama kuanzia kola hadi pindo. "Hilo si joho langu la Jumapili?"

Mama Neema alifika wa mwisho. Hakuuliza kama nimeumia. Alinipokonya gita, akalitia kwapani.

"Umepiga dakika ngapi?"

"Kama hamsini hivi."

Akahesabu kwa vidole. "Basi ya leo umelipa, ya kesho na ya keshokutwa pia. Ijumaa unadaiwa dakika kumi."