Gunia Si Kipimo

Wiki iliyopita nilikaa katika kikao ambacho mtunza stoo wa shule moja ya bweni, kijana niliyefanya naye kazi kwa miaka minne, aliambiwa kuwa atakatwa mshahara kufidia upungufu wa kilo 600 za mahindi. Nilikuwapo kama mhasibu, na nilijua kuwa hakuna hata punje moja iliyoibwa. Nililieleza jambo hilo mara mbili bila kusikilizwa. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri.

Mzabuni alileta magunia 60. Hati ya kupokelea mali iliandikwa magunia 60, ankara ikaandikwa magunia 60, na malipo yakafanyika kwa bei ya gunia. Programu ya stoo, ambayo hutunza hesabu ya mahindi kwa kilo, ilikuwa imeelekezwa tangu mwanzo kwamba gunia moja ni kilo 100, kwa hiyo ikaingiza kilo 6,000. Lakini mahindi yanapotoka kwenda kusagwa hupitishwa kwenye mizani, na hadi siku ya kuhesabu mali yalikuwa yametoka magunia 38, ambayo uzito wake kwa mujibu wa mizani ulikuwa kilo 3,420. Kwenye leja zikabaki kilo 2,580. Tulipoyapima magunia 22 yaliyokuwa yamepangwa stoo, moja baada ya jingine, tulipata kilo 1,980.

"Dada, magunia yangu yametimia, yahesabu mwenyewe," kijana aliniambia huku ameshika kadi yake ya stoo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa 38 na 22 ni 60. Magunia yalitimia, kilo ndizo hazikutimia, na hazikutimia kwa sababu hazikuwahi kuingia. Ukigawanya 3,420 kwa 38, kisha 1,980 kwa 22, utaona kuwa yaliyotoka na yaliyobaki yana wastani uleule wa kilo 90 kwa gunia. Hasara ilitokea getini, siku ya kupokea mzigo, tulipolipia kilo 6,000 na kupewa 5,400. Anayekatwa mshahara ndiye mtu pekee katika mlolongo mzima aliyetumia mizani.

Gunia ni chombo. Uzito wake hutegemea nani amelijaza, kwa debe la nani, na kama debe hilo lilikatwa juu au liliachwa na kilima. Debe la maharage halina uzito sawa na debe la mahindi, na debe lililopondekaponda ubavuni halibebi sawa na debe jipya. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa miaka mingi, na kila mtu katika biashara ya mazao anajua kuwa kifungashio hakipaswi kuzidi kilo 100. Lakini kikomo hicho kimegeuzwa vichwani mwetu kuwa uzito wa kila gunia, kana kwamba sheria inayokataza kuzidisha inamzuia mtu kupunguza. Lumbesa humuumiza mkulima, gunia pungufu humuumiza mnunuzi, na yote mawili huanzia kwenye uamuzi wetu wa kuhesabu vyombo badala ya kupima kilichomo ndani.

Nakubali kuwa sokoni debe na sado vina kazi yake. Mama anayeuza dagaa kwa sado hana haja ya mizani ya umeme, na mnunuzi anaona kwa macho anachopewa. Hata wazee wa pwani walipima kwa pishi na kibaba, lakini walijua kuwa pishi moja ni vibaba 4, na mwenye duka hakuwa huru kuamua vinginevyo asubuhi moja. Taasisi inayolisha wanafunzi mamia kwa fedha za ada haiwezi kujificha nyuma ya desturi ya sokoni.

Wala si mahindi tu. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lina uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo ukinunua kwa kilo na kutoa kwa lita bila kubadilisha, leja yako itakudanganya kila mwezi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 10.66, anayenunua tani moja atarajie nondo 93 au 94, na asipojua hivyo, fundi atasingiziwa.

Ninachodai ni kwamba kila bidhaa iwe na kipimo kimoja cha msingi katika leja, hati ya kuagiza iandike kilo, bei ikubaliwe kwa kilo, na mzigo upimwe kabla mtu yeyote hajatia saini. Magunia yaandikwe pembeni kama idadi ya vifurushi. Kiwango cha kubadilishia kisiwekwe kwenye programu mara moja na kusahaulika, kwa kuwa mzigo wa leo si mzigo wa msimu uliopita. Hata mahindi yaliyoingia yakiwa na unyevu wa asilimia 16 yakikaukia stoo hadi asilimia 13.5 hupoteza karibu kilo 3 katika kila kilo 100, na upungufu huo nao huangukia jina la mtunza stoo.

Nimeandika barua kwa uongozi nikiambatanisha namba zote nilizozitaja hapa, na nimeomba makato yasianze mwisho wa mwezi huu. Nimeandika pia kwamba saini yangu imo katika hati ile ya kupokelea magunia 60, na kwamba kama kuna mshahara wa kukatwa, waanze na wangu.