Ulaya simu haitengenezwi, inabadilishwa vipande

Wakuu, kuna neno la Kijerumani linalokera kuliko baridi ya Januari: Totalschaden. Kwa gari lililogongwa maana yake ni gari limekwisha, tafuta lingine. Sasa neno hilohilo unaambiwa dirishani kwa simu iliyoingia kijiko kimoja cha maji. Haijafunguliwa hata skrubu. Wamechungulia tundu la laini, wameona kile kistika cheupe kimegeuka chekundu, basi, hukumu imetoka: bodi imekufa, bodi mpya inakaribia bei ya simu, nunua nyingine.

Simu hiyohiyo ipeleke mtaa wa Aggrey pale Kariakoo. Fundi anayejua kazi hakimbilii bloa, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Anafungua, anachomoa betri, anaunga bodi kwenye pawa saplai ya volti 4 na ushee, halafu anatazama namba ya ampia kabla hajagusa kitufe cha kuwasha. Bodi nzima ambayo haijawashwa haili kitu, inasoma sifuri. Ikianza kula moto kabla ya kuwashwa, laini kuu ya umeme imepiga shoti. Mita itamthibitishia hilo, ila haitamwambia mkosaji ni nani, maana kapasita (vijiwe vidogo vya kutunza umeme) zote za laini ile zimeungwa sambamba na zote zitasoma sifuri.

Hapo ndipo penye raha. Anagusisha ncha ya moto ya kuchomelea kwenye rozini, ule utomvu mkavu wa mafundi, moshi unapanda, bodi inavaa unga mweupe kama iliyonyunyiziwa sembe. Anaipa laini ile volti moja, anapandisha taratibu. Kinachopitisha shoti kinapata joto, na ule weupe unayeyuka juu ya kijiwe kimoja tu: kinabaki cheusi katikati ya weupe, hakuna ubishi. Anakinyofoa kwa kibano. Kidude chenyewe ni kidogo kuliko punje ya ulezi, na kwa kuwa wenzake wako wengi kwenye laini ileile, simu mara nyingi haioni hata pengo lake. Anasugua bodi kwa brashi na spiriti ile kali ya mafundi, anakausha, anarudisha betri. Picha za mtoto zimo, namba za watu zimo. Simu iliyotolewa cheti cha kifo.

Najua mtakachosema. Mmoja ataandika kwamba jamaa kafika Ulaya, kaanza kulia kwamba Ulaya si Kariakoo, si arudi. Mwingine atasema nasifia umaskini: kwetu tunatengeneza kwa sababu hatuna hela ya kununua mpya, siyo kwa ujuzi. Huyu wa pili namjibu. Njaa inamfanya mtu ajaribu, sawa. Haimfundishi kusoma ramani ya bodi yenye vijiwe zaidi ya elfu moja na kujua kwamba laini hii ikifa, kamera inakufa pamoja na taa ya kioo. Hilo ni somo, na vijana wetu wamelisoma kwa ramani za Wachina na kwa kuharibu bodi za skrepa usiku. Mwenye kuita hilo umaskini ajaribu kurudisha IC moja, yaani chipu, chini ya hadubini bila kuunganisha miguu yake.

Na Wajerumani si wajinga. Saa moja ya fundi hapa ni ghali, akikaa saa mbili anatafuta shoti ya simu ya miaka minne hesabu imekataa. Halafu kuna dhamana: akikurudishia simu ikafa wiki ijayo, mzigo ni wake. Kwa hiyo amefundishwa kubadilisha vipande: kioo, betri, kamera, sistimu chaji. Chini ya hapo hashuki. Tena ukimtafuta anayeshuka, Berlin nenda mtaa kama Sonnenallee, wenye ncha ya moto mkononi wengi watakuwa watu wa Beirut, Damascus au Kabul. Mkono uliosafiri, kama wetu.

Sheria ndiyo naionea wivu, na hapa lazima nikubali kwetu tumelala. Simu zinazoingizwa sokoni Umoja wa Ulaya tangu 20 Juni 2025 lazima spea zake zipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, programu isasishwe kwa miaka isiyopungua 5, na betri ibakize asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Jimbo la Thüringen, Ujerumani, lilianza 2021 kumrudishia mwananchi nusu ya gharama ya matengenezo, hadi yuro 100. Austria wakaanza yao 2022, wakati huo nusu ya gharama, hadi yuro 200. Serikali ilimlipia mtu atengeneze! Ila ukisoma ile orodha ya spea za Umoja wa Ulaya utakuta betri, kioo, kamera, spika, maikrofoni, vitufe, pini ya chaji. Bodi haimo. Hata sheria yenyewe imeandikwa na watu wanaobadilisha vipande.

Wakati huohuo kampuni zimegundua njia ya kumfunga fundi bila gundi wala skrubu: kwa programu. Kuanzia iPhone XR na XS za 2018, ukiweka betri nyingine, hata ikiwa halisi kutoka simu pacha, simu ilianza kulalamika kwamba haiitambui, kwa sababu kile kipande kidogo cha bodi kwenye betri kina namba yake. iPhone 11 wakahamia kwenye kioo. iPhone 13 ilipotoka 2021, ukibadilisha kioo utambuzi wa uso ulizimika kabisa, hadi kelele zilipozidi ndipo ikarekebishwa Desemba mwaka huohuo. Mafundi wetu hawakusubiri rehema: wanahamisha kipande hicho cha bodi cha betri ya zamani kwenda kwenye seli mpya kwa kuchomelea nukta, wananakili namba ya kioo kwa mashine ndogo. Kazi nzuri, lakini ni kazi ya kuzunguka kufuli ambalo halikupaswa kuwepo. Oregon kule Marekani walilipiga marufuku kwa sheria ya 2024. Na duka la Apple la kujitengenezea, lililofunguliwa 2022? Walikuwa wanakukodisha masanduku mawili ya vifaa yenye uzito wa kilo 36 hivi, kwa dola 49 za wiki, ubadilishe betri moja. Fundi wa Luthuli, Nairobi, anaifanya kazi hiyo kwa vifaa vinavyoingia kwenye kibeseni.

Sasa nigeuke nyumbani, msije mkadhani nimepewa bahasha na mafundi. Hilo neno lenu "kioo OG", yaani kioo halisi, lina dhambi. Simu imetoka kiwandani na kioo cha OLED, ambacho kila nukta yake hujiwakia yenyewe, wewe unamwekea mteja LCD na kuita OG. LCD ni nene kwa sababu ina taa nyuma, ndiyo maana fremu haikai sawa na kioo kinabenuka pembeni baada ya wiki mbili. Alama ya kidole ya chini ya kioo inakufa, kwa sababu kile kisoma vidole kinachotumia mwanga hakioni kitu kupita ile taa ya nyuma. Mteja anarudi, anaambiwa "sensa ilikuwa mbovu toka mwanzo". Mteja, usibishane naye: fungua picha nyeusi tupu, zima taa ya chumba. OLED inapotelea gizani. LCD inabaki na ukungu wa kijivu. Fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Na betri. Kuna anayechokonoa betri iliyogandishwa kwa bisibisi ya bapa huku ina chaji asilimia 90. Lithiamu ikitobolewa inawaka, na ikiwa imejaa inawaka vibaya zaidi. Ishushe chini ya asilimia 25 kwanza. Pasha mgongo wa simu kwa digrii 80 hivi, dakika chache, dondoshea spiriti pembeni ya gundi, sukuma kwa kadi ya plastiki. Na usimwambie mteja kwamba simu bado haiingizi maji baada ya kuifunga kwa tone mbili za gundi ya B7000. Ule mpira wa kiwandani ukishakatwa, mwambie ukweli, asiende nayo Coco Beach.

Lingine mtakalonipigia kelele ni picha. "Wewe uko Ujerumani, hujui fundi anafanya nini na simu ya dada yako." Najua. Huku unaambiwa ufute kila kitu kabla ya kukabidhi, kwetu unaandika namba ya siri kwenye karatasi inayobandikwa mgongoni mwa simu, na kila apitaye anaisoma. Yote mawili ni upuuzi. Samsung zenye toleo la programu la tangu mwishoni mwa 2022 nyingi zina hali ya matengenezo: unaiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya utunzaji wa kifaa, simu inajizima na kuwaka ikiwa tupu, fundi anajaribu kamera na spika bila kuona chochote chako. Pixel, simu za Google, nazo zilipata ya kwao Desemba 2023. Shida ni kwamba lazima uiwashe wakati kioo bado kinaonyesha. Kikishakufa, umechelewa.

Mwisho nina ombi kwa wenzangu wa diaspora, na msiniite mjuaji. Droo za nyumba za huku zimejaa simu zilizotolewa cheti cha kifo. Wengi mnambebesha mtu moja au mbili anaporudi, fundi nyumbani atoe spea. Tangu iOS 18, programu ya iPhone ya 2024, hata kipande kikitoka kwenye simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe, simu inayokipokea inakataa kukioanisha. Kioo kizima, kamera nzima, na havifanyi kazi ipasavyo kwa sababu uliondoka bila kutoa akaunti. Hata simu isiyowaka unaweza kuitoa: ingia iCloud kwa kompyuta, sehemu ya kutafuta vifaa, chagua ile simu, iondoe kwenye akaunti, weka neno la siri la akaunti. Ni dakika tatu. Halafu itazame mgongo kabla ya kuitia begini. Ikiwa imevimba isipande ndege, betri yake iache hukuhuku, kwenye kituo cha kukusanyia taka hatari.