Usiku Usiotangazwa Nao Una Baridi

Baridi inapofikia kiwango cha kutangazwa redioni, mlango wa makao ya watu wasio na pa kulala ninakojitolea hujaa watu wema waliobeba blanketi na makoti, nami nawashukuru kwa dhati, kwa sababu usiku wa namna hiyo mtu mmoja zaidi wa kutandika magodoro ni msaada mkubwa. Lakini baada ya kushika zamu kwa misimu minne ya baridi, nimefikia kuamini kwamba tunakosea tunapoupima uhitaji kwa kipimajoto peke yake, na kwamba usiku unaotuponyoka ni ule ambao baridi yake haikumtisha mtu.

Jijini New York, tangazo la hatari hutolewa joto, pamoja na makali ya upepo, linaposhuka hadi nyuzi 0 za selsiasi au chini zaidi kati ya saa kumi jioni na saa mbili asubuhi, na London nayo hufungua malazi ya dharura inapotabiriwa kuwa joto litashuka hadi nyuzi 0. Sina shaka kwamba utaratibu huo umeokoa watu. Hata hivyo mwili wa binadamu hausubiri tangazo: joto lake la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, moyo na ubongo huanza kuzidiwa, na mtu aliyelowa mvua anaweza kufika hapo hata hewa ikiwa nyuzi 5 au zaidi, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa kavu. Ndiyo maana usiku wa manyunyu na upepo, ambao wenye nyumba huuona wa kawaida, huniogopesha kuliko usiku mkavu wa theluji.

Nimejifunza hayo miguuni pa watu. Usiku mmoja wa mvua aliingia mzee ambaye alikubali kila kitu isipokuwa kuvua viatu. Nilipochuchumaa mbele yake na kumwambia, "Mzee wangu, hebu tuvivue vikauke," alinijibu kwa upole, "Mwanangu, nikivivua havitaingia tena asubuhi." Alikuwa amesema kweli, maana miguu ilikuwa imevimba, na soksi zilikuwa zimegandamana na ngozi hivi kwamba ilitubidi tuzilainishe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuzitoa taratibu. Nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na alipoguswa vidoleni hakuhisi lolote. Muuguzi aliyekuwa zamu alituonya tusisugue hata kidogo, kwa sababu ngozi iliyoumizwa na baridi huchunika kwa kusuguliwa; tulichoruhusiwa ni kukausha kwa kubonyeza taulo, kufunika, na kusubiri apelekwe hospitali. Viatu tulivijaza magazeti, tukavibadilisha magazeti hayo kila yalipolowa. Usiku ule hapakuwa na tangazo lolote, na waliojitolea tulikuwa wawili.

Jambo jingine linalonichoma ni mlangoni. Mtu ambaye baridi imemwingia mwilini huongea kwa kukokota ulimi, hupepesuka, huchanganyikiwa, na baadaye huacha kutetemeka, jambo ambalo asiyejua hulidhani nafuu ilhali ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa. Mtu huyo anafanana kabisa na mlevi. Nimeona akizuiwa kwa kanuni ya kutopokea walevi, na nasema wazi kwamba kanuni hiyo, katika miezi ya baridi, ni ya kufutwa. Hata aliye mlevi kweli ndiye wa kwanza kuhitaji kuingizwa ndani, kwani pombe hutanua mishipa ya damu karibu na ngozi, mnywaji akajihisi ana joto wakati joto lake ndilo linalompotea. Wenye vituo wana haki ya kulinda usalama wa waliolala, nami nimewahi kuwatenganisha wagomvi usiku wa manane. Lakini mtu anaweza kuwekwa chumba cha pembeni na kuangaliwa kila baada ya muda mfupi, mradi tu yuko mtu wa kumwangalia.

Na huyo mtu wa kumwangalia ndiye anayekosekana. Kumtambua anayezidiwa, kujua nani huficha vidonda na nani hawezi kulala karibu na mlango, ni ujuzi unaokuja kwa kurudi mara kwa mara, si kwa kufika usiku mmoja wenye kamera. Kwa anayeniuliza alete nini, humwomba soksi kavu na zamu moja kila wiki hadi msimu uishe. Soksi tunazipata nyingi. Orodha ya zamu za usiku iko ukutani kando ya kabati la blanketi, na kwa Jumanne zote zilizosalia limeandikwa jina langu peke yake.